"Game" si mchezo tu

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa darasa la Kiingereza la jioni hapa Buyenzi.

Tulikuwa tunasoma kifungu kuhusu Tanzania, tukakuta maneno "Selous Game Reserve". Mwenzetu akatafsiri haraka haraka: "Uwanja wa michezo wa Selous." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe Watanzania wenyewe wanasema Pori la Akiba la Selous. Hakuna mpira huko!

Mwalimu akaeleza: "game" hapo ni wanyama wa pori wanaowindwa kwa ajili ya nyama au kwa kujifurahisha. Sisi tuliotoka Kivu tukaelewa mara moja, ni ile gibier ya Kifaransa. Swala ni game. Nyati ni game. Mbuzi wa jirani si game hata ukimkimbiza kutwa nzima, maana ana mwenyewe. Na kwa maana hii neno halichukui s. Unasema "a lot of game". Ukisema "many games", umerudi mpirani.

Tukauliza, na Gustave je? Yule mamba wa Rusizi na Tanganyika, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimtegea kizimba kikubwa cha chuma akamkosa? Mwalimu akasema huyo aliwindwa kwa sababu anasemekana kula watu, hakuna aliyetaka nyama yake. Yeye ni hatari tu, game ni jambo lingine.

Zamani sana neno hili kwa Kiingereza lilikuwa na maana ya furaha, kujifurahisha. Kwa wakubwa kuwinda kulikuwa starehe, basi jina la starehe likamwangukia mnyama. Yeye anakimbiza roho yake, wao wanaita mchezo. Wakoloni walipoleta sheria zao Afrika Mashariki, mzungu mwenye leseni akaitwa mwindaji, na mwenyeji aliyewinda bila kibali ili alishe watoto akaitwa jangili. Mnyama ni yule yule. Hata Selous mwenyewe alikuwa mwindaji wa tembo, aliuawa vitani huko huko mwaka 1917. Pori likapewa jina la aliyewinda.

Halafu tukafika kwenye "fair game". Maana yake ni mtu ambaye kila mmoja anaona ni halali kumshambulia. Hapo darasa likanyamaza. Dada mmoja akasema polepole, "Ni sisi tukiwa hatuna karatasi." Na kweli. Unafanya kazi siku nzima, unalipwa nusu, na bosi anajua huna pa kushtaki.

Sasa tuseme kilichotufanya tuandike. Vijana wanaojaribu kuingia Ulaya kwa miguu, kupitia Bosnia na Kroatia, wanaiita safari hiyo "the game". Wakikamatwa na kurudishwa, wanasema tutacheza tena. Mmoja wetu amechoka kusubiri, ameanza kuongea habari za njia hiyo. Anasema, "Ni game tu, unashinda au unarudia."

Hatukumhukumu. Nani kati yetu hajachoka? Lakini tulimwambia: kaka, ukiwa msituni usiku, nyuma kuna mbwa na polisi, jiulize wewe ni mchezaji au ni nyama. Kwa Kiingereza neno ni moja, ndiyo maana linadanganya. Kiswahili chetu kinasema windo, na ukisikia windo unajua kuna mtu anakimbizwa.

Hakujibu. Alhamisi alikuja darasani, daftari mkononi, akakaa pale pale pake karibu na mlango. Kwa sasa hilo linatutosha.

Na ninyi, lugha ya nyumbani kwenu inamwitaje mnyama anayewindwa? Tuambieni.