Mti Usiosifiwa

Washairi wa mwambao tuna deni kwa miti. Tumeisifu misaji na mivule kwa milango ya Mji Mkongwe, mikoko kwa boriti zilizobeba dari zetu, na mpingo, ambao ubao wake ni mzito hata huzama majini. Paini haina hata ubeti mmoja, ingawa lugha imeipa jina la fahari lililotujia kwa Kiarabu: msonobari.

Majina hayo mawili yalinikutania Masanze, wilayani Kilosa. Nilikuwa nikitafsiri shairi la nchi za theluji, na dada yangu, mjane, alikuwa akitaka kupaua nyumba kabla ya masika. Kilosa ni nchi iijuayo mvua; mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, hayajasahaulika. Nikamwuliza fundi kama msonobari utadumu. Akatabasamu kwa adabu: "Mzee, hii ni paini."

Akanipa kipande cha mbili kwa nne. Kilikuwa chepesi, cheupe chenye umanjano, kikinukia utomvu. Paini, alinieleza, hairudishi msumari wala haichoshi randa. Ila ikipigiliwa mbichi hupinda, ikikaushwa vibaya huingia madoa ya buluu, na mchwa huila upesi. Kwa hiyo hupangwa kivulini, vijiti katikati ipitishe hewa, kisha hutiwa dawa. Na dawa bora ni ile iliyosukumwa ndani kwa mashine, si ya kupakwa juu kwa brashi.

Dada alitaka mninga. "Baba alilala chini ya mninga," alisema, na mimi sikuwa na la kumjibu mtu aliyetaja heshima ya marehemu. Fundi ndiye aliyejibu: mninga huota wenyewe msituni, na anayeukata leo hukata umri wa babu yake. Paini hupandwa, kule Sao Hill na hata milimani Ukaguru, humu humu mkoani Morogoro, na hupasuliwa mbao baada ya miaka 20 hadi 25. Kweli, shamba la paini si msitu: halina mizizi ya dawa wala nyuki wa miombo. Lakini kila kenchi ya paini yaweza kuuacha mninga mmoja umesimama.

Wakapatana. Paa likawa la paini iliyotiwa dawa. Mlango, ambao wageni huugusa kwanza, ukawa wa mninga.

Katika tafsiri yangu nimeuacha msonobari, kwani mti ule umesimama thelujini na jina lake halina budi kutoka mbali. Lakini shairi la nyumba ya dada, nikijaaliwa kulitunga, litasema paini, kama asemavyo fundi, na kama asemavyo dada mvua inapopiga bati usiku naye amelala.