Kadi ya mdogo wangu, mashine yangu

Mdogo wangu alitaka kujenga kompyuta yake ya michezo, kipande kwa kipande. Alikuwa na dola 120, jasho la kutengeneza simu za watu hapa Lubumbashi. Mimi niko na kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika. Ndiyo ninayoandikia kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilimshauri tuiongezee kadi ya picha tu.

Kujenga kunampa mtu uhuru wa kuchagua kila kitu, ila dola 120 hazifiki mbali. Kuongeza nako kuna sheria zake. Tundu la PCI Express hutoa wati 75, basi. Kadi inayokula zaidi hudai waya wa pekee, na mashine nyingi za ofisi hazina waya huo. Kwa hiyo tulichagua GeForce GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, ya wati 75.

Sisi wa isimu tunaijua hali hii. Shina «pik-» linapokea viambishi, lakini kwa mpango wake: tunasema «pikishwa», hakuna asemaye «pikwisha».

Mdogo wangu aliuliza jambo ambalo sikulifikiria: «Yaya, pesa ni yangu, mashine ni yako. Kadi itakuwa ya nani?»

Ni yake. Inatolewa kwa skrubu moja. Siku atakapojenga, hicho ndicho kitakuwa kipande chake cha kwanza, na mimi nitabaki na mashine ya kuandikia.