Inakula Nini?

Nilikuwa sijawahi kufika Sibwesa. Treni ilinishusha Mpanda nikiwa na vumbi hadi masikioni, na kutoka hapo nikapanda bodaboda kuingia Wilaya ya Tanganyika, iliko Sibwesa. Miombo kulia, miombo kushoto, na mara kwa mara kundi la ng'ombe linakatiza njia bila haraka. Dereva anazima pikipiki, anangoja. Huku ng'ombe ndiye mwenye barabara.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kisukuma, alinikaribisha kwa kigoda na maziwa ya mgando. Aliposikia naandika habari za sayansi, akataka kujua jipya ni lipi. Nikamwambia kuna watu wanaokuza nyama bila kuchinja. Akacheka mpaka wajukuu wakaja kutuchungulia.

"Inakula nini?"

Wengi huuliza ladha, wengine huuliza kama ni halali. Mfugaji aliuliza malisho, na hapo ndipo penye gharama. Mwaka 2013, nikamweleza, Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionjesha watu jijini London baga iliyokuzwa kutokana na seli za misuli ya ng'ombe. Baga ile moja iligharimu takribani yuro 250,000. Seli zilikuzwa kwa seramu, yaani majimaji ya damu ya ndama aliyekuwa bado tumboni mwa mamaye.

"Kumbe damu bado ipo!"

Ilikuwepo, mzee. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitangaza lishe isiyo na seramu. Vikabaki vichocheo vya ukuaji, protini zinazoiamuru seli igawanyike: huwekwa kidogo sana, lakini ndizo zinazomeza fedha. Mwaka 2024 watafiti wa chuo hichohicho wakaeleza jinsi walivyobadili jeni za seli za ng'ombe ili zijitengenezee zenyewe kichocheo kimoja, FGF, badala ya kichocheo hicho kununuliwa.

Mzee akakoroga maziwa yake kimya.

"Mnyama anayejilisha mwenyewe! Mimi hawa nimewaswaga kutoka Shinyanga kwa ajili ya majani tu, mwanangu."

Sikumficha kasoro. Seli hizo zilikua taratibu kuliko zinazopewa kichocheo cha dukani, na watafiti wenyewe walikiri.

"Basi ni ndama wa kiangazi hao," akasema, akainuka kwenda kufungua zizi. Ng'ombe walikuwa wanarudi.