Tusiwatoe wakambo katika sanduku la ugonjwa



Mkutano wetu wa siku ya posho utakuwa na swali moja zito. Wamama wengine, hasa wale wenye watoto wadogo, wanasema wakambo wanakula sanduku la ugonjwa kuliko watu wote: leo presha, kesho sukari, kesho kutwa macho. Wanaomba kila mwenye miaka zaidi ya 60 alipe mara mbili, ao atoke. Hatuwalaumu. Kwa mama anayeuza nyanya sokoni, kila franka ina kazi yake. Lakini tunaomba tufikiri pamoja mbele ya kupiga kura.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Wengi wetu tulitibiwa utotoni katika hospitali ya Gécamines, kwa sababu baba alikuwa na namba ya kazi, na namba ile moja ilibeba nyumba nzima. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kujitolea. Walipewa feza mara moja. Namba ikafa, na matibabu ya familia yakafa nayo. Wajane wa wazee wale ni kati ya wakambo ambao leo tunawahesabia vidonge.

Wapo wanaouliza: si kuna bima? Sheria ya kazi ya 2002 inamwagiza mwajiri atibishe mfanyakazi na familia yake. Sheria ya bima ya 2015 ilifungua mlango kwa makampuni ya binafsi, mahali ambapo zamani SONAS ilikuwa peke yake. Ni jambo zuri kwa mwenye mkataba. Lakini mkataba ukiisha, kadi inaisha. Mchimbaji wa kienyeji hana mwajiri, muuza makala hana, mjane hana. Na mpango wa serikali wa kujifungua bila kulipa, ulioanza Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 na kupelekwa katika majimbo mengine, ni wa mzazi na mtoto mchanga. Kambo mwenye presha hamo.

Ndiyo sababu tunalo sanduku. Je, tukiwatoa wakambo, mchango utakuwa mwepesi? Mwezi wa kwanza, pengine. Lakini kambo akitoka katika sanduku, ugonjwa wake hautoki katika nyumba. Akilazwa, fakture italipwa na binti yake, na binti yake ni mmoja wetu. Mwezi ule binti hatakuwa na cha kuchanga. Kisha tutasema mwenye mtoto wa SS naye anatumia sana, atoke. Watabaki wazima tu, na mzima ndiye wa kwanza kujiuliza anachanga kwa nini. Mchango unakuwa mwepesi wakati wazima na wagonjwa, vijana na wazee, wako ndani pamoja.

Tena tusisahau upande wa pili. Tumeona mama amejifungua salama, kisha anakaa hospitalini siku nyingi, mtoto mkononi, akingoja fakture ilipwe ndipo aruhusiwe kurudi nyumbani. Sanduku ndilo lililomtoa. Katika feza zile mlikuwa mchango wa wakambo, ambao hawatazaa tena.

Katika inchi yetu wenyewe jambo hili limejaribiwa. Kule Bwamanda, katika Equateur ya zamani, bima ya hospitali ilianza mwaka wa 1986. Watu walilipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, feza zikiwa mikononi. Aliyelazwa kwa barua ya kituo cha afya alilipa sehemu moja tu kati ya tano za fakture. Bima ililipa zilizobaki. Katika miaka michache zaidi ya nusu ya wakaaji waliingia. Jirani zetu wa Rwanda nao, katika mutueli yao, walipanga mchango kwa kadiri ya uwezo wa nyumba, na maskini kabisa wakalipiwa.

Kwa hiyo tunawaletea mapendekezo manne:

Nyumba iandikwe nzima, toka mtoto mpaka kambo, si mgonjwa peke yake.

Mchango uwe sawa kwa kila kichwa, lakini kila nyumba ichague siku ya kulipa: kisha soko kubwa, kisha mavuno, ao kisha mshahara.

Mgonjwa apite kwanza kituo cha afya, na aliyelazwa alipe sehemu ndogo yeye mwenyewe, ili sanduku lisimalizwe na fakture moja.

Dawa za presha na sukari tuzinunue kila mwezi, bila kuruka. Vidonge vya mwezi ni feza kidogo kuliko siku kumi za kitandani kwa ajili ya kupooza.

Tukikubaliana, tutaanza pia kuuliza namna ya kuandikisha sanduku letu kama mutueli, kwa kufuata sheria ya mwezi wa Februari 2017.

Siku ya posho kila mama aje na daftari lake la michango. Na kambo aje pia. Tusipige kura juu yake akiwa nyumbani.