Hoteli ndogo, alama kubwa: kutafuta pa kulala Mji Mkongwe

Leo tunaweka kando lugha za programu, tunazungumzia hoteli. Lakini msikimbie, hesabu ipo.

Mwezi ujao nampeleka mamangu Unguja siku nne. Hajawahi kuvuka bahari, na sharti lake ni moja: hataki jumba la vyumba mia tatu ambamo hakuna atakayemjua kwa jina. Magoti yake nayo yana sharti lao, ngazi ziwe chache. Mimi nina langu: mtandao, maana kazi naenda nayo.

Kwetu Kenya ukisema hoteli, watu hufikiria chai na mandazi. Ninazozungumzia hapa huitwa hoteli za butiki: vyumba vichache, kila kimoja na sura yake. Jina hilo lilishika baada ya Ian Schrager na Steve Rubell kufungua Morgans kule New York mwaka 1984. Rubell aliifananisha na duka dogo la mitindo, tofauti na yale maduka makubwa yanayouza kila kitu. Katika Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyingi za hoteli hizi ni nyumba za kale zilizokarabatiwa.

Sasa hesabu. Hoteli ndogo hupata wageni wachache, kwa hivyo maoni nayo ni machache. Tuseme hoteli A ina alama 9.6 kutoka kwa watu 14, na B ina 9.0 kutoka kwa watu 800. Ipi bora? Tovuti ikizipanga kwa wastani mtupu, A itakaa juu. Mimi huipa kila hoteli wageni 50 wa kubuni walioipa alama ya kawaida ya mji, tuseme 8.2, kisha natafuta wastani upya. A inashuka hadi 8.51, B inabaki 8.95. Maana yake si kwamba A ni mbaya, ila watu 14 hawajatosha kunishawishi. Tena chunguza kipimo chenyewe. Miaka mingi kwenye Booking.com alama ya chini kabisa ilikuwa 2.5, si sifuri, hadi mfumo ulipobadilishwa mwaka 2019. Kwa hiyo hata hoteli ya hovyo ilikuwa na pa kuanzia.

Kwa njia hiyo nilibaki na hoteli tatu. Hapo ndipo hesabu iliponiishia, kwa sababu wastani ni wa watu wengine. Hakuna hata mmoja kati ya wale 800 aliye na magoti ya mama.

Ikabidi niifikirie nyumba yenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ngazi mara nyingi ni za mwinuko mkali, na chumba chenye upepo na mandhari ya bahari kiko juu kabisa. Chumba kinachosifiwa zaidi ndicho kitakachomtesa mama.

Kuta hizo nene zinatunza ubaridi vizuri, lakini zinaua Wi-Fi, hasa ile ya 5 GHz. Usiulize kama mtandao upo; watakuambia upo. Uliza kama unafika chumbani, na kifaa kimewekwa ghorofa gani.

Kuna na umeme. Unguja huupata kutoka bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013, lakini swali la jenereta bado ni halali. Mwisho, magari hayaingii kwenye vichochoro vingi, na GPS huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu. Uliza gari linaishia wapi na nani atabeba mizigo.

Nikapiga simu hoteli zote tatu. Ya kwanza walinisomea yaleyale yaliyo kwenye tovuti yao. Ya pili hawakupokea. Ya tatu alipokea mzee mmoja. Nikamwamkia, nikamweleza habari za mama. Akasema, "Ngoja mwanangu, nikuhesabie." Nikasikia ndara zake zikipanda. Aliporudi alikuwa anahema: ngazi 43 hadi chumba cha juu, 6 tu hadi kile cha nyuma kinachotazama uani. Hakina bahari, akasema, lakini kina kivuli siku nzima, na mtandao unafika kwa kuwa kifaa kiko ukutani hapo hapo. Kisha akauliza, "Mama anaitwa nani?"

Kwenye orodha yangu hoteli hiyo ilikuwa ya tatu. Nimelipia chumba cha uani usiku nne. Mandhari ya bahari tutayafuata Forodhani jioni, na hakuna ngazi za kupanda.