Njaa ya Dawa

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika wodi ya magonjwa ya akili ya hospitali moja ya mkoa, Kanda ya Kati ya Tanzania. Baadaye nikaingia katika utafiti wa uuguzi, na huko ndiko wagonjwa walikonifundisha kuuliza.

Tulitaka kujua kwa nini watu wenye skizofrenia, wakitoka wodini wamepata nafuu, huacha dawa na kurudi wakiwa hoi. Dodoso liliuliza ya kawaida: je, dawa zimeisha kituoni? Unatetemeka? Unaamini umerogwa? Kabla ya kulipeleka vijijini, tuliwaomba wagonjwa kadhaa na ndugu wanaowauguza walipitie swali kwa swali.

Kijana mmoja, fundi baiskeli, alilifuata kwa kidole mpaka ukurasa wa mwisho, akainua macho: "Sista, mbona njaa haimo?"

Akaeleza. Akimeza vidonge vya usiku, huamka saa nane tumbo likimsokota kwa njaa, na kwao kiangazi hupikwa mara moja tu kwa siku. Kula sehemu ya wadogo zake anaona haya. Basi huacha dawa ili wao washibe. Kwamba klopromazini na olanzapini huongeza hamu ya kula, kila muuguzi amesoma. Lakini kuipima njaa hiyo kwa sufuria ya ugali ya nyumba nzima, hapo anahitajika anayelala nayo.

Walezi nao walikuwa na yao, na tulijifunza kuwaketisha mbali na wagonjwa. Mbele ya mama yake, mgonjwa hunyamaza. Mbele ya mwanawe, mama hathubutu kusema kwamba aliwahi kumfunga kamba kwa hofu kwamba angeumiza watu. Anayewahoji wakiwa pamoja na kuwaita "familia" huwakosa wote wawili.

Wapo waliotuambia kwamba mgonjwa wa akili hawezi kutoa ridhaa, seuze kupanga utafiti. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyechanganyikiwa leo anaweza kuamua vizuri kabisa mwezi ujao. Kazi ya muuguzi ni kusubiri wakati huo, kumwuliza, na kumwuliza tena. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawahusu hata wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na ibara yake ya 4 inazitaka serikali zishauriane nao katika maamuzi yanayowagusa. Mtafiti anajitoaje humo?

Ninyi mnaoandika maandiko ya utafiti sasa, wekeni nauli na chakula cha wagonjwa na walezi wanaowasaidia katika bajeti tangu mwanzo, na walipwe siku hiyohiyo. Matokeo yakitoka, rudini mkawasomee kwa Kiswahili au kwa Kigogo kabla hamjayapeleka kwenye jarida.