Kabla ya Kutuma Hela ya Pampu Mpya

Sisi tulio mbali na nyumbani tunazijua simu hizi: dada, kitu kimeharibika, tunaomba hela. Mara nyingi tunatuma bila kuuliza, maana kuuliza kunaonekana kama uchoyo. Lakini uuguzi umenizoesha kutafuta kilicho nyuma ya maumivu, na safari hii niliuliza.

Julai iliyopita mdogo wangu alinipigia kutoka Muheza. Pampu ya kisima cha Mama ilikuwa inalia mpaka majirani wanasikia, na fundi alishasema mota imekufa, inunuliwe nyingine. Bei ilizidi shilingi 200,000, na ada ya mpwa wetu ilikuwa inasubiri. Mama, mwenye miaka 67, alikuwa ameanza tena kubeba ndoo.

Nilimwomba anirekodie ile sauti. Hapa Jebel Ali, kwenye jengo ninaloishi, yuko kaka mmoja wa Mombasa anayetengeneza mota katika karakana. Aliisikiliza mara mbili.

"Mota ikinguruma bila kuzunguka, shuku kapasita kwanza," alisema. "Hii inazunguka huku inalia. Mwambie achomoe umeme, azungushe shafti kwa mkono."

Shafti ilikwaruza kana kwamba ina mchanga ndani. Beringi zimekwisha. Nilidhani tumemaliza, lakini yeye akauliza: "Na zimekufa kwa nini?"

Jibu lilikuwa nyuma ya impela. Sili inayozuia maji yasifike kwenye mota ilikuwa imechakaa. Maji yalipita taratibu, yakaosha grisi, kutu ikaingia. Kubadilisha beringi na kuiacha sili ile ni sawa na kufunga bandeji juu ya usaha.

Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, tulifanya kazi kwa simu ya video. Kaka alianza na usalama: kapasita huweza kubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa, kwa hiyo ncha zake zisiguswe. Kisha mdogo wangu alichora mstari kwenye maungio ya kasha, ili virudi vilivyokuwa. Beringi kuukuu alizitoa kwa pula ya kuazima, akasoma namba iliyochongwa ubavuni: 6201, yaani tundu la milimita 12, kipenyo cha nje 32, unene 10. Alinunua zenye herufi 2RS, zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili.

Kwenye kuzipachika ndipo wengi huziua. Beringi ikiingizwa kwenye shafti, inagongwa ringi ya ndani tu, kwa kipande cha bomba kinachoenea pale. Ukigonga ringi ya nje, nguvu hupitia kwenye gololi na kuacha makovu kwenye njia zake. Itaanza kulia upya mapema.

Beringi mbili na sili mpya hazikufika shilingi 40,000. Ada ililipwa kwa wakati, na Mama ameziweka ndoo chini.

Ndugu msomaji, sisemi tuwanyime watu wetu. Ila simu ikija, uliza: kinalia vipi? Kikizungushwa kwa mkono kikoje? Nini kimekiharibu? Mdogo wangu sasa anaitwa na majirani kutazama pampu zao, na kila mara huanza kwa kuzungusha shafti.